Mtoto wa Dar es Salaam aliyefia Sachsenhausen

Ukipita Brunnenstraße mjini Berlin, mbele ya nyumba namba 193, hebu tazama chini. Kuna kijiwe kidogo cha shaba kilichopachikwa njiani, kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Watu wanapita juu yake na mifuko yao ya sokoni. Jina kama hilo ungelitegemea kulikuta Mbagala au Ruwi, si hapo.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, enzi za Mjerumani. Babaye alikuwa Msudani, askari wa jeshi la kikoloni. Vita vya 1914 vilipoanza, baba na mwana wote waliingia jeshini. Mtoto wa miaka kumi tu! Alipigana, akajeruhiwa, akatekwa na Waingereza.

Mjerumani akashindwa, koloni likenda, na mishahara ya askari ikabaki deni. Mahjub akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai haki yake na ya marehemu baba yake. Serikali ikamjibu kuwa kachelewa. Basi hakurudi.

Huko wakimwita Bayume Mohamed Husen. Mchana akisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, usiku mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland. Mwaka 1933 alioa mke wa Kizungu. Akaingia na kwenye filamu, zaidi ya ishirini, karibu zote akiwa boi au mpagazi. Ya mwisho ni ile ya Carl Peters, ya mwaka 1941, ya kumsifu mtu ambaye wazee wetu wa bara walimwita Mkono wa Damu. Wako wanaomlaumu kwa hilo. Mimi siwezi, mtu mweusi katika Berlin ya Hitler, mwenye familia ya kulisha, angelikataa kazi gani?

Mwaka huo huo polisi wa siri, Gestapo, wakamkamata. Kosa: uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo Manazi waliliita kuchafua damu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa moja kwa moja Sachsenhausen.

Kambi hiyo iko Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Ilijengwa 1936 na wafungwa wenyewe, kwa umbo la pembetatu, ili bunduki moja ya rashasha iliyo juu ya lango iweze kutazama uwanja mzima. Hadi 1945 walipita humo watu zaidi ya 200,000: wapinzani wa serikali, Mayahudi, Wapolishi, Warusi, mapadri, majizi pia. Kila mmoja alishonewa pembetatu ya kitambaa, na rangi yake ikieleza kosa lake. Wengine walitumwa kiwanda cha matofali, ambako wengi hawakurudi. Wengine wakipewa viatu vipya na kutembezwa kutwa juu ya mawe, mchanga na kokoto, hadi kilomita 40 kwa siku, ili makampuni yajue soli itadumu muda gani. Wafungwa wa Kiyahudi wenye ufundi wa kuchapa walifichwa katika mabanda mawili, wakitengeneza pauni bandia za Kiingereza.

Na 1941, mwaka alioingia Mahjub, wanajeshi wa Kirusi zaidi ya 10,000 waliuliwa humo. Waliambiwa wanapimwa urefu. Wakisimama ukutani, risasi ikitoka tundu la nyuma na kuwapiga shingoni.

Yeye alistahimili miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, Mungu amrehemu, akiwa na miaka 40. Miezi mitano baadaye SS waliwatoa wafungwa zaidi ya 30,000 kwa miguu, na waliochoka njiani walipigwa risasi. Warusi na Wapolishi walipofika Aprili 1945 walikuta wagonjwa kiasi cha 3,000.

Kijiwe cha Brunnenstraße kiliwekwa mwaka 2007. Ile mishahara aliyoifuata Berlin hakulipwa.