Kobalti katika Ramani ya Elektroni

Kilima cheusi cha mabaki ya tanuri mjini Lubumbashi kina kobalti. Metali hiyohiyo imo katikati ya vitamini B12, dawa ya aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua. Dorothy Hodgkin alipopitisha eksirei katika fuwele za vitamini hiyo, elektroni ziliitawanya miali, ikaacha madoa kwenye filamu. Madoa hutoa ukali wa miali tu; awamu, yaani mpangilio wa vilele vya mawimbi, hupotea, na bila hiyo ramani ya msongamano wa elektroni haichoreki. Atomi moja ya kobalti, yenye elektroni 27 dhidi ya 6 za kaboni, ilitoa mahali pa kuanzia. Hata hivyo hesabu zilichukua miaka. Umbo lilitangazwa mwaka 1956.