Uwanja wa Ndege Usio na Ndege Una Kazi Gani?

Nikisema kwetu ni Kasulo, wilayani Ngara, wengi hapa chuoni hawapajui. Nikisema Benaco, wanaelewa: pale yanapolala malori, barabara moja ikielekea Rusumo na Rwanda, nyingine Ngara mjini na mpaka wa Burundi. Lakini nikisema wilaya yetu ina uwanja wa ndege, wanacheka. "Una ndege ngapi?"

Tuelewane kwanza. Kuna viwanja vya safari za ratiba, kama Mwanza na Bukoba: unakata tiketi, mzigo unapimwa, unapanda. Halafu kuna viwanja vidogo vya ndege za kukodi, za madaktari, za mashirika na za serikali. Hapa ndege huja ikiitwa. Wa Ngara ni wa kundi hili.

Mwaka 1994 ulituonyesha maana yake. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa kama siku moja tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na Benaco ikawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mzigo mzito ulibebwa na malori. Ila mtaalamu au dawa inayotakiwa leo haiwezi kusubiri lori. Wanyarwanda wale walirudishwa kwao Desemba 1996, kambi zikabaki historia.

Dharura hazikuisha. Huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki ilianza 1957, na hadi leo AMREF hurusha ndege za wagonjwa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Mama aliyepata matatizo ya uzazi akihitaji hospitali kubwa, saa nyingi za barabarani ndizo zinazoweza kumuua.

Sasa, ndege kama Cessna Caravan haihitaji lami wala jengo la vioo. Inatua kwenye changarawe au majani. Inachotaka ni njia iliyonyooka, isiyo na mashimo, na soksi ya upepo ili rubani ajue atue kutokea upande gani. Kwa kuwa milima yetu iko juu, hewa ni nyepesi na ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Kwa hiyo kila mita ya njia ina thamani. Mafuta nayo, pasipouzwa, rubani lazima aje na ya kurudia.

Mengine ni kazi za kawaida: kufyeka, kuziba mashimo, kuzuia ng'ombe, na kuwa na mtu wa kupokea simu kwamba njia iko wazi. Ng'ombe mmoja katikati ya njia anatosha kuirudisha ndege.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotoka wilaya kama yetu, likizo hii ulizeni kwenye mkutano wa kijiji: uwanja wetu unafyekwa na nani, na mipaka yake imewekwa alama? Nyumba zikishajengwa juu ya njia, siku mgonjwa akihitaji ndege hatutakuwa na pa kuitua.