Mwenyewe, Jamaa na Watu Baki

Alasiri moja ya mwezi wa Juni, wakati ambapo watu wa mji huu wa Machakos huhangaikia taarifa zao za kodi kabla tarehe 30 haijawafumania, niliitwa katika duka moja la mabati na saruji, nikakuta kompyuta moja imewekwa kwenye kaunta baina ya mizani ya misumari na kitabu cha stakabadhi, nayo ikitumiwa na watu watatu: kijana wa kaunta awaandikiaye wateja ankara, mhasibu ajaye Jumanne na Jumamosi, na mwana wa mwenye duka, mwanafunzi wa sekondari, ambaye jioni huifanyia kazi za shule. Haja ya mama mwenye duka ilikuwa moja tu, kwamba programu ya hesabu, yenye habari za faida, madeni na mishahara, isifunguliwe na mtu ila yeye na mhasibu wake.

"Fundi, mimi nimeshaificha," aliniambia, akanionyesha kiwambo ambacho kwa hakika hakikuwa na alama ya programu ile.

Nikamwomba kijana aketi. Akabonyeza kitufe cha Windows, akaandika herufi tatu za mwanzo za jina la programu, na kabla hajaifikia ya nne ikajitokeza. Akagusa Enter, na mishahara ya duka zima, wake na wa mwenziwe wa ghalani, ikatandazwa mbele yetu. Wepesi wa vidole vyake ulinipa shaka kwamba ile haikuwa mara ya kwanza.

Kosa la mama huyu ni la wengi, nami siwacheki, kwa kuwa ile alama ya kiwamboni aghalabu hudhaniwa kuwa ndiyo programu yenyewe, ilhali ni kielekezi tu, mfano wa kibao cha njiani. Ukiking'oa kibao, nyumba haihami. Lakini palikuwa na kasoro kubwa kuliko hiyo. Watu wote watatu waliingia kwa jina moja na neno la siri moja, na jina hilo lilikuwa la msimamizi, mwenye mamlaka ya kufanya atakalo. Kompyuta haina macho ya kumtambua mtu kwa sura. Hulijua jina aliloingia nalo, basi. Na maadamu jina ni moja, kwake yeye mhasibu, kijana na mwanafunzi ni mtu mmoja mwenye mikono mingi, wala hakuna hila ya kumzuia huyu ukamwacha yule.

Yeyote aliyekulia pwani, kama mwandishi wa makala haya, hahitaji kufundishwa asili ya jambo hili, kwani nyumba ya Kiswahili imelifundisha kabla ya umeme kuja: mpita njia huketi barazani, mgeni wa heshima hukaribishwa sebuleni, na ndani hapafiki ila wenyewe. Wataalamu wa kompyuta walilazimika kulivumbua upya. Katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961, Fernando Corbató na wenziwe walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kana kwamba kila mmoja ana yake, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mafaili yaliyohitaji sitara, ikapasa kila mmoja apewe neno la siri. Sitara hiyo haikudumu. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, aliyepimiwa saa chache kwa juma akaziona hazimtoshi, alipeleka kadi ya matundu yenye ombi la kuchapishiwa faili la maneno yote ya siri, na mashine, kwa kuwa hakuna aliyeikataza, ikamchapishia.

Mfumo wa Unix, ulioanzwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, ndio uliolipa suala hili umbo ambalo mpaka leo sijaona lililolishinda kwa wepesi. Kila faili, na programu nayo ni faili, hutazamwa na watu wa namna tatu, ambao Kiswahili kina majina yao tayari: mwenyewe, jamaa na watu baki. Kila namna hupewa au hunyimwa rukhsa tatu, ya kusoma ikiandikwa 4, ya kuandika 2, na ya kuendesha 1, kisha hujumlishwa. Basi katika Linux, mrithi wa Unix apatikanaye bure, msimamizi huunda kundi, tuliite hesabu, akawatia humo watu wawili anaowataka, akaikabidhi programu kwa kundi hilo kwa amri ya chgrp, na kuifunga kwa chmod 750: mwenyewe ana 7, yaani yote, jamaa wana 5, yaani kusoma na kuendesha bila kubadili, watu baki wana 0. Simu ya Android iliyomo mfukoni mwa msomaji imejengwa juu ya msingi huo huo, na huihesabu kila programu kuwa mtumiaji mbali, ili mmoja asipekue vyombo vya jirani.

Windows ilichelewa. Katika Windows 95 na 98 sanduku la neno la siri lilikuwa pambo, kwani aliyebonyeza Esc alipita. Kufuli ya kweli ilikuja na Windows NT mwaka 1993, ikaingia majumbani na XP mwaka 2001, nayo badala ya namna tatu za watu ina orodha ya majina ambayo hubandikwa kwenye kila faili na kila folda. Desturi ya mfumo ni kwamba programu ikisakinishwa kwa ajili ya wote, kundi la watumiaji wa kawaida hupewa rukhsa ya kuiendesha kwa urithi wa folda iliyo juu yake. Anayetaka kuibana hana budi kuukata urithi huo kwanza, aliondoe kundi hilo katika orodha, kisha aliingize kundi lake dogo, akiwaacha wasimamizi na mfumo wenyewe mahali pao. Hapa natoa hadhari. Wapo wanaoliacha kundi orodhani na kulitilia alama ya katazo, wakidhani ni mamoja. Si mamoja, kwa sababu katazo huishinda ruhusa, na anayeikataza programu kwa kundi la "kila mtu" amejikataza na yeye mwenyewe.

Kufuli hiyo ina upenyo. Kijana mwerevu aweza kuileta nakala ya programu ndani ya fleshi na kuiendesha papo hapo, naye hajaigusa iliyofungwa. Dawa ni kuugeuza mwelekeo wa katazo: badala ya kutaja kisichotakiwa, hutajwa kinachotakiwa, na kila kilicho nje ya folda za programu zilizosakinishwa na msimamizi hukataliwa. Windows 7, mwaka 2009, ilikuja na AppLocker kwa kazi hiyo, ingawa mwanzoni ilikuwa ya matoleo ya wakubwa.

Fauka ya hayo, kuifunga programu si kuyafunga madaftari yake. Faili la mishahara likibaki wazi katika folda ya wote, programu nyingine italisoma, au litanakiliwa na kwenda kufunguliwa kwa jirani. Sharti folda ya data ipewe orodha ile ile ya majina. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamdai mwenye kuweka habari za watu aziwekee kinga, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 humtoza aingiaye bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Walakini kosa hilo huambatana na kuvunjwa kwa kinga, na katika duka lile hapakuwa na cha kuvunjwa. Kijana aliandika herufi tatu tu.



Nilitumia saa moja na nusu kuyatengeneza hayo. Kila mmoja akapata jina lake, usimamizi ukabaki kwa mama peke yake, programu na folda yake zikafungwa. Kijana alipojaribu tena, alama ilijitokeza kama awali, akaigusa, akaambiwa hana ruhusa. Mwanafunzi alichotaka kujua ni kama michezo yake imebaki.

Jumamosi mhasibu akanipigia, na sauti yake haikuwa ya furaha: amefungiwa nje na yeye! Nilipomhoji nikagundua kwamba nilipomtia kundini alikuwa tayari ameingia kwa jina lake jipya alilolijaribu siku ile, akaiacha kompyuta ikisinzia bila kujitoa; na mfumo humwandikia mtu makundi yake pale aingiapo mlangoni, wala haurudi kumtazama tena maadamu yumo ndani. Nikamwambia atoke kabisa, kisha apige hodi upya. Akanyamaza kitambo, nikasikia vitufe.

"Imefunguka," akasema, akakata simu.