Somo la 14: Mwendo wa Miguu na Ubongo wa Mtu Mzima

Mwalimu wa darasa, tafadhali weka saa mahali ambapo wote wataiona, maana tutaihitaji mwishoni.

Wengi wenu mmekwisha ambiwa, "Samaki mkunje angali mbichi." Ukimwambia jirani kwamba unajifunza kusoma nawe una miaka 50, hukutolea methali hiyo, nawe huona haya. Methali ni njema kwa kulea watoto. Lakini ubongo wako si samaki aliyekauka.

Ndani ya kichwa mna chembe ndogo sana, maelfu ya mamilioni, nazo zimeunganishwa. Unapojifunza neno jipya, baadhi ya viungo hivyo hupata nguvu. Ni kama njia ya kwenda kisimani: ikipitwa kila siku hufunguka, isipopitwa majani huifunika. Kazi hii haikomi utotoni. Umri huipunguza kasi tu. Basi swali letu la leo ni hili: je, mwili ukitembea, huisaidia kazi hiyo ya ubongo?

Nasema nawe fundi cherehani, nawe mwenye duka, nawe karani na dereva, mnaokaa kitako kutwa. Wewe uliyelima tangu alfajiri, mwili wako umekwisha fanya kazi. Sikiliza tu, ukamwambie mwenzio.

Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu 120 wa miaka 55 mpaka 80, ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi. Nusu yao walitembea kwa haraka siku 3 kila juma. Wengine walinyosha viungo tu. Watembeaji hawakuanza kwa pupa: walianza na dakika 10, wakaongeza dakika 5 kila juma hata wakafika 40. Baada ya mwaka mmoja ubongo wao ulipigwa picha. Iko sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuyashika mambo mapya mpaka yakae. Kwa kawaida hupungua mtu anapozeeka. Kwa watembeaji iliongezeka kama 2 kwa mia. Kwa wale wengine ilipungua kwa zaidi ya 1 kwa mia.

Nisiwadanganye. Katika mtihani wa kumbukumbu makundi yote mawili yaliongeza alama, wala watembeaji hawakuwashinda wenzao. Kwa hiyo mtu asiache kitabu akategemea miguu. Miguu hutayarisha shamba. Mbegu ni lazima uipande mwenyewe.

Shamba hutayarishwaje? Unapokwenda haraka moyo hupiga upesi, na damu huupelekea ubongo hewa safi na chakula. Tena mazoezi huufanya ubongo utoe protini fulani inayolisha chembe na viungo vyake, kama samadi inavyolisha mgomba.

Sasa, nguvu kiasi gani? Mwendo wa maarusi hautoshi. Kipimo chepesi ni kinywa chako. Ukiweza kuimba, bado unakwenda polepole. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba hakuwezekani, hicho ni kiasi cha kati. Ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kutweta, hiyo ni nguvu nyingi.

Mwaka 2024 wataalamu wa Australia walitangaza kwamba waliwagawa watu wa miaka 65 mpaka 85 kwa viwango vitatu namna hiyo, kwa miezi 6. Waliofanya mazoezi ya nguvu nyingi, yaani kukimbia kwa vipindi vifupi na kupumzika kati yake, ndio walioendelea mbele katika kujifunza na kukumbuka, na faida hiyo ilionekana hata miaka 5 baadaye. Lakini wale walikuwa na wasimamizi. Tena wataalamu hawajaafikiana wote juu ya kiasi kilicho bora. Maoni yangu ni kwamba mtu aliyekaa miaka mingi aanze na kiasi cha kati. Mwenye shinikizo la damu, au maumivu ya kifua, au kisunzungu, amwone daktari kwanza.

Haya, chukueni kalamu. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa nusu dakika. Zidisha kwa 2, uandike tarakimu hiyo katika daftari. Somo likiisha, ninyi msio na maradhi niliyotaja, zungukeni jengo kwa haraka dakika 10, mkizungumza. Mkirudi, hesabuni tena papo hapo. Andika tarakimu ya pili juu ya ile ya kwanza, utoe, na jibu lako uje nalo juma lijalo.