Python na Thonny: pa kuanzia kwa asiyewahi kuandika programu

Kwa mtu asiyewahi kuandika programu, mwenye kompyuta ya mitumba yenye RAM ya gigabaiti 4 na bando la kuhesabu, jibu langu ni moja: aanze na lugha ya Python, na aiandikie ndani ya chombo kiitwacho Thonny. Nimelitanguliza jibu kwa sababu wengi hupoteza mwezi mzima wakisikiliza mabishano ya lugha ipi ni bora, na mwezi ukiisha hawajaandika hata mstari mmoja.

Anayeanza hupambana na mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kufikiri: kuivunja kazi katika hatua ndogo ndogo ambazo mashine isiyojua kukisia itaweza kuzifuata. La pili ni taratibu za lugha yenyewe, yaani mabano, nukta mkato na maneno ya lazima. Kufikiri ndiyo taaluma, na ukishaipata utaitumia katika lugha yoyote. Taratibu ni ushuru unaolipwa getini. Lugha nzuri ya kuanzia ni ile yenye ushuru mdogo.

Chukua kazi ya kuandika neno Habari kwenye skrini. Katika Python ni mstari mmoja:

print("Habari")

Katika Java, kwa namna iliyofundishwa vyuoni miaka mingi, ni hivi:

public class Salamu {
    public static void main(String[] args) {
        System.out.println("Habari");
    }
}

Mwanafunzi akiuliza public ni nini na static ni nini, huambiwa ayaandike tu, ataelewa mbele ya safari. Jibu hilo lina madhara, maana linamzoesha tangu siku ya kwanza kunakili asichokielewa. Wasimamizi wa Java wenyewe wameliona jambo hili: toleo la 25, lililotoka mwaka 2025, limeruhusu programu ndogo iandikwe bila mapambo hayo. Lakini vitabu na masomo mengi yaliyopo bado yanafuata njia ya zamani.

Wepesi wa Python haukuja kwa bahati. Mholanzi Guido van Rossum aliianza mwishoni mwa mwaka 1989 katika taasisi ya CWI, Amsterdam, na ikatolewa kwa umma mwaka 1991. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye ABC, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya watu wasio wataalamu wa kompyuta, na mengi mazuri ya ABC aliyachukua. Leo Python inatumika katika uchambuzi wa takwimu, katika tafiti za kisayansi na katika mifumo ya akili bandia, kwa hiyo anayeanza nayo hajifunzi kitu cha kutupa baadaye.

Kuna faida nyingine ambayo sisi tunaosema Kiswahili tunapaswa kuithamini zaidi. Maneno maalumu ya Python ni 35 tu, kama if, else, for, while na return. Hata mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha anaweza kuyajua yote. Majina ya thamani unazohifadhi unayatunga mwenyewe, na hakuna anayekulazimisha uyatunge kwa Kiingereza:

bei = 50
idadi = 4
print(bei * idadi)

Kompyuta itajibu 200. Walimu, nawaomba msiwasahihishe wanafunzi wanaoandika hivi. Mtoto aliyeandika faida = mauzo - gharama anajua anachokifanya, na siku ya kuandika kwa Kiingereza kwa ajili ya kazi ikifika, kubadili majina ni jambo la dakika chache.

Sasa chombo. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanashauriwa na watu walio mbali na mwanzo. Mtaalamu hutaja chombo anachotumia yeye, na mara nyingi ni Visual Studio Code. Ni kihariri kizuri na cha bure, lakini kinakuja bila Python. Inabidi uipakue kando, uongeze kiambatisho chake, kisha ukielekeze kihariri mahali Python ilipo. Kila hatua ni nafasi ya kukosea kabla ya somo kuanza. Android Studio ndiyo kabisa: inataka gigabaiti kadhaa za kupakua, na kwenye RAM ya gigabaiti 4 kompyuta itaganda.

Thonny ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Faili lake la Windows ni takriban megabaiti 20, na Python imo humo humo. Ukishaiweka huhitaji intaneti tena. Unaandika sehemu ya juu, unabofya kitufe cha kijani, majibu yanatokea chini.

Ubora wake, hata hivyo, hauko kwenye wepesi huo. Uko katika kukuonyesha kinachoendelea ndani. Tuirudie programu ile ya bei na idadi, ila sasa mtumiaji aulizwe idadi:

bei = 50
idadi = input("Idadi: ")
print(bei * idadi)

Andika 4 ubonyeze Enter. Badala ya 200, utaona tarakimu 4 imejipanga mara 50 mfululizo. Python haikulalamika, wala haijaharibika. Kilichotokea ni kwamba input hurudisha maandishi siku zote, hata kama ulichobonyeza ni tarakimu, na katika Python kuzidisha maandishi kwa 50 ni kuyarudia mara 50. Mwanafunzi aliye peke yake anaweza kukaa na tatizo hili usiku kucha, kwa kuwa kwa macho yake 4 ni 4.

Katika Thonny, fungua menyu ya View, chagua Variables. Litatokea jedwali la majina na thamani zake. Mbele ya bei utaona 50. Mbele ya idadi utaona '4', ikiwa na alama za kunukuu. Alama hizo mbili zinasema yote: hii si namba, ni maandishi. Ukiandika int(input("Idadi: ")) alama zinatoweka na jibu linakuwa 200. Tofauti ya namba na maandishi imo karibu katika kila lugha ya programu, na hapa mwanafunzi ameiona kwa macho badala ya kuikariri. Thonny pia inaweza kuipitisha programu hatua kwa hatua, ukaona kila hesabu inavyogeuka kuwa jibu lake.

Haki isemwe: Java ingelikataa kosa hilo hilo kabla programu haijaanza kufanya kazi. Ukali huo unawafaa sana watu wengi wanaojenga mfumo mkubwa pamoja. Kwa anayeanza, naona kuna mafunzo zaidi katika kuona matokeo ya ajabu na kutafuta chanzo chake.

Makosa mengine Python huyataja yenyewe. Ujumbe wake usomeni kuanzia mstari wa mwisho, kwani hapo ndipo aina ya kosa inapotajwa. Mistari ya juu inaonyesha mahali. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, ujumbe umekuwa wazi zaidi: ukisahau kufunga mabano, unaambiwa ni mabano yapi. Na msiandike programu kwenye Microsoft Word. Hubadilisha alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python haizitambui.

Wapo ambao ushauri wangu hauwahusu. Mtoto wa shule ya msingi aanze na Scratch, iliyotolewa na maabara ya MIT nchini Marekani mwaka 2007. Huko hapangi herufi, anaunganisha vipande vya rangi, na menyu zake zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Anayetaka hasa kutengeneza kurasa za tovuti aende kwenye JavaScript, kwani kila kivinjari tayari kinayo. Aliye chuoni afuate lugha ya kozi yake; kufuata mbili kwa mpigo humchosha mtu bure. Asiye na kompyuta anaweza kutumia Pydroid 3 kwenye simu ya Android. Inafanya kazi, ila Python hupanga hatua zake kwa nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari, na kuzipanga kwa kidole kwenye kioo kidogo kunahitaji subira.

Neno moja kuhusu akili bandia. Mifumo hii inaweza kukuandikia zoezi lote kwa sekunde chache, na hapo zoezi litakuwa limefanywa na mwingine. Katika miezi ya mwanzo iulizeni jambo moja tu: maana ya ujumbe wa kosa ambao mmeshausoma wenyewe na kushindwa.

Thonny inapatikana bure kwenye thonny.org. Ukishaiweka, andika programu inayouliza idadi ya wanachama wa kikoba na mchango wa kila mmoja, kisha itoe jumla. Ikikubali, iongezee jina la kikoba na faini ya anayechelewa. Usiguse lugha nyingine mpaka uweze kuiandika yote bila kutazama popote.