Idhini ya Kutafsiri na Kurekebisha: Nyenzo Huria za Kufundishia Kiswahili katika Vyuo Vikuu vya Mlima Kenya

Utangulizi

Vyuo vikuu vinavyouzunguka Mlima Kenya vingali vichanga. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoko Nyeri, kilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2012. Karatina, Chuka na Meru vilipata hati zao mwaka 2013, navyo Embu na Kirinyaga mwaka 2016. Maktaba haijengwi kwa muda mfupi kama huo. Katika masomo ya Kiswahili, upungufu wa vitabu huzibwa aghalabu kwa muhtasari wa mihadhara unaotolewa fotokopi madukani. Nakala huzaa nakala, mpaka herufi zinafifia na jina la mwandishi linapotea. Mhadhiri akihama, kazi yake ya miaka mingi huhama naye.

Wako wanaoona kwamba dawa ya tatizo hili ni kuweka maandishi hayo kwenye mtandao ili yasomwe bure. Makala haya yana lengo la kuonyesha kwamba kusomwa bure ni nusu tu ya safari. Kwa mwalimu wa Kiswahili, faida kubwa zaidi ya nyenzo huria imo katika idhini ya kutafsiri na kurekebisha. Na idhini hiyo haina maana pasipo mlezi wa kuitunza kazi.

Maana ya uhuria

Istilahi ya nyenzo huria za elimu ilipendekezwa katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris mwezi Julai 2002, mwaka mmoja baada ya chuo cha MIT cha Marekani kutangaza kwamba kingeweka masomo yake wazi kwa walimwengu. Tarehe 25 Novemba 2019, nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo linalohusu nyenzo hizo. Kwa mujibu wake, nyenzo huria ni zile zisizo na hakimiliki tena, au zile ambazo mwenye hakimiliki amezitoa kwa leseni inayoruhusu watu kuzipata bila malipo, kuzitumia tena, kuzirekebisha na kuzisambaza. Basi maandishi yanayosomeka bure lakini hayana leseni bado yamefungwa. Nchini Kenya, hakimiliki ya maandishi hudumu hadi miaka 50 baada ya kufa kwa mwandishi, na ukimya wa mwandishi hauhesabiwi kuwa idhini.

Leseni zinazotumiwa zaidi ni zile za Creative Commons, zilizotolewa kwanza mwaka 2002. Zote sita humtaka mtumiaji amtaje mwandishi. Baadhi huongeza masharti: kazi isitumiwe kibiashara, kazi iliyorekebishwa itolewe kwa leseni ile ile, au kazi isisambazwe ikiwa imebadilishwa. Sharti hili la mwisho lapasa kuangaliwa sana. Tafsiri huhesabiwa kuwa badiliko. Kwa hiyo kitabu cha isimu kilichoandikwa kwa Kiingereza na kutolewa kwa sharti hilo chaweza kusomwa bure Chuka au Embu, lakini tafsiri yake ya Kiswahili haiwezi kugawiwa wanafunzi bila ruhusa nyingine.

Sharti la biashara nalo huzua swali: je, mwenye duka la fotokopi anayelipwa kwa kila ukurasa anavunja leseni? Swali la namna hiyo liliamuliwa nchini Marekani mwaka 2018, katika kesi ya Great Minds dhidi ya FedEx Office. Mahakama ya rufani ilisema kwamba shule zilizoruhusiwa kutumia kazi bila biashara zaweza kuliagiza duka liwatolee nakala kwa malipo. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini unaonyesha kwamba ni busara mwandishi aeleze wazi anachokikubali.

Mfano wa fonolojia

Haja ya kurekebisha yaonekana dhahiri katika somo la fonolojia. Mwanafunzi wa Karatina ambaye lugha yake ya kwanza ni Gĩkũyũ ana irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Lugha yake haitofautishi l na r, hivyo mahali na mahari yaweza kumchanganya. Kadhalika anaijua, bila kuambiwa, kanuni iitwayo Sheria ya Dahl: k ya kiambishi hugeuka g mbele ya shina linaloanza kwa konsonanti sighuna. Jina la lugha yenyewe ni ushahidi: wenyewe husema Gĩkũyũ, na Kiswahili husema Kikuyu. Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya wanafunzi wote hakiwezi kuyataja haya kwa kina. Lakini kikiwa huria, mhadhiri wa Karatina ataongeza sura yake, na wa Meru ataongeza mifano ya Kimeru, kila mmoja akihifadhi jina la mwandishi wa kwanza. Mradi wa TESSA wa mafunzo ya ualimu, ulioanzishwa mwaka 2005, ulifuata njia hiyo, na nyenzo zake zapatikana kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu.

Nani mwenye idhini?

Hapa pana jambo ambalo husahauliwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 husema kwamba hakimiliki ya kazi iliyofanywa katika utumishi huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa pawe na mapatano tofauti. Kwa hiyo mhadhiri anayeweka leseni juu ya muhtasari wake huenda anagawa kisicho chake. Idara yahitaji kwanza tamko la maandishi kutoka kwa chuo.

Kudumisha

Kuunda nyenzo ni kazi ya msimu mmoja. Kuidumisha ni kazi ya kila mwaka. Faili lapasa kuhifadhiwa katika hali inayoweza kuhaririwa, wala si picha ya kurasa tu. Kila toleo liwe na tarehe. Nakala ziwekwe katika hazina zisizopungua mbili. Kila kozi iwe na walezi wawili, mmoja akiondoka mwingine abaki. Zaidi ya yote, kazi hiyo ihesabiwe wakati wa kupandisha vyeo, kwa maana mhadhiri anayepimwa kwa makala peke yake hatatumia likizo yake kusahihisha sura ya mwenzake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatamati

Uwezo upo. Mwaka 2023 watafiti wa Dedan Kimathi walichapisha maelezo ya mkusanyo wa picha za wanyamapori zilizopigwa katika hifadhi ya chuo, mkusanyo ambao wameuweka wazi kwa watafiti wengine. Ikiwa picha za pundamilia wa Nyeri zaweza kutolewa kwa walimwengu pamoja na maelezo na majina ya waliozikusanya, hapana sababu ya mihadhara ya Kiswahili kuendelea kufifia katika nakala zisizo na jina.