Idadi ya Miti Pekee Haitoshi

Kuhesabu miti ni jambo moja; kupima umuhimu wake ni jambo jingine. Tangu serikali ilipozindua, mnamo Desemba 2022, mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, aghalabu tumesomewa hesabu ya miche tu.

Sisi wanaisimu twaujua mtego huu. Katika matini nyingi za Kiswahili, "na" na "ya" hujitokeza mara nyingi kupindukia, lakini hakuna adaiye kuwa ndiyo yabebayo ujumbe wote.

Wanaikolojia wana kipimo kilicho bora. Mwaka 1951, Curtis na McIntosh, waliochunguza misitu ya Wisconsin nchini Marekani, walijumlisha mambo matatu: idadi ya miti ya kila aina, uenezi wake katika vipande vya ardhi vilivyochunguzwa, na eneo la mashina yake. Siku hizi shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kila jambo hugeuzwa kuwa asilimia, kwa hivyo jumla ya aina zote ni 300.

Natutoe mfano wa kubuni. Shamba la Nyeri lina miti 50: migrivea 40, miparachichi 9 na mugumo 1. Kwa idadi, mugumo ni asilimia 2 tu. Tuseme kwamba katika vipande 10, migrivea imeonekana katika 6, miparachichi katika 3 na mugumo katika 1. Nao mugumo, kwa unene wake, una asilimia 40 ya eneo la mashina. Alama zake ni 2, 10 na 40, yaani 52 kati ya 300. Mti uliodharauliwa umepata zaidi ya sehemu moja ya sita!

Hata hivyo, kipimo hiki nacho kina mipaka. Hakisemi lolote kuhusu ndege na popo wanaolishwa na matunda ya mugumo huo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ndugu walimu, zoezi hili lahitaji kamba, futi na daftari tu. Wapelekeni wanafunzi mashambani wakapime kabla ya kupanda, na hasa kabla ya mtu yeyote kushika shoka. Mche hupandwa kwa siku moja. Mugumo mkongwe haurudishwi kwa miche elfu.